Simu Mbili, Kamera Ipi? Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia kuhusu kamera za simu zinaishia mahali pamoja: msomaji ameshachuja hadi zimebaki simu mbili, na hapo amekwama. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa hata mwenye simu nyingine kabisa.

MEGAPIKSELI 108 AU 50?

Swali: Habari za kazi, wahariri. Nimebaki na simu mbili za bei moja. Ya kwanza ina kamera kuu ya megapikseli 108, f/1.8 (namba ya uwazi wa lenzi), na kando yake kamera mbili za megapikseli 2: moja ya kupiga vitu vya karibu sana, nyingine ya kufifisha mandhari ya nyuma. Ya pili ina kamera kuu ya megapikseli 50, f/1.8, yenye OIS (mfumo wa kutuliza picha mkono ukitikisika), pamoja na kamera ya pembe pana ya megapikseli 8. Picha zangu nyingi ni za jioni, ndani ya nyumba, na wanaopigwa ni watoto. Muuzaji anasema 108 ni zaidi ya mara mbili ya 50, kwa hiyo hakuna cha kufikiria. Ni kweli?

Jibu: Nzuri, ndugu msomaji. Chukua ya pili, ila kwanza kagua namba moja ambayo hukuitaja. Tutaifikia.

Hesabu ya muuzaji ni sahihi, lakini picha zako hazitaitumia. Kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) cha megapikseli 108, kikiachwa katika hali yake ya kawaida, huunganisha pikseli tisa jirani kuwa moja na kuhifadhi picha ya megapikseli 12. Kile cha 50 huunganisha nne kuwa moja na kuhifadhi ya 12.5. Kwa hiyo simu zote mbili zinakupa picha ya karibu ukubwa uleule. Simu hufanya hivyo kwa sababu pikseli moja ndogo hukusanya mwanga kidogo mno, na zikiunganishwa chengachenga (vidoa vidogo vinavyoichafua picha ya gizani) hupungua. Hali ya megapikseli 108 unaweza kuiwasha mwenyewe kwenye mipangilio ya kamera, lakini inafaa mchana, kwa kitu kilichotulia. Faili linakuwa kubwa na simu inachelewa kulihifadhi. Jioni utapata chengachenga zaidi kuliko hali ya kawaida. Na megapikseli 12 si haba: ni pikseli 4000 kwa 3000, zinazotosha kuchapisha picha ya inchi 13 kwa 10 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi.

OIS ndiyo itakayokusaidia. Ndani ya simu yenye OIS, lenzi (au kihisi chenyewe, kwa baadhi ya simu) imeshikiliwa na koili na sumaku ndogo. Kipima-mzunguko kinahisi mkono wako unavyotikisika na lenzi inasogezwa upande wa pili ili picha itulie. Jioni ndani ya nyumba simu hulazimika kupokea mwanga kwa muda mrefu, kama sekunde 1/15 au 1/10. Bila OIS ina njia mbili tu, na zote zina hasara. Ikirefusha muda, mkono wako unaonekana kwenye picha. Ikifupisha muda, inapandisha ISO (kipimo cha kuukuza mwanga uliopokewa), chengachenga zinajaa, kisha programu inazifuta na kufuta pamoja nazo nywele, nyusi na nyuzi za nguo. Ule uso unaoonekana kama umepakwa nta kwenye picha za usiku chanzo chake ni huku kufuta.

Lakini OIS haimzuii mtoto kukimbia. Inatuliza mkono wako, haimtulizi anayepigwa. Mtoto anayecheza anahitaji sekunde 1/125 au fupi zaidi, na hakuna simu itakayofika hapo kwa balbu moja ya dari bila kupoteza ubora. Msogeze karibu na dirisha au taa, zima hali ya usiku (inakusanya fremu nyingi kwa sekunde moja hadi tatu, na kila fremu inamkuta mtoto mahali pengine), kisha piga picha nyingi mfululizo na uchague iliyotulia.

Zile kamera mbili za megapikseli 2 zihesabu kama hazipo. Ya vitu vya karibu kwa kawaida haina fokasi ya kujirekebisha, na kihisi chake ni kidogo kiasi kwamba ukipiga kwa kamera kuu kutoka mbali kidogo kisha ukakata picha, mara nyingi unapata kilicho bora. Ya kufifisha nyuma inafanya kazi ambayo programu ya kamera kuu inaweza kuifanya peke yake.

Sasa ile namba: ukubwa wa kihisi. Huandikwa kama 1/1.56 au 1/2.76, na namba ya chini ikiwa kubwa, kihisi ni kidogo. Kama haikuandikwa, tafuta ukubwa wa pikseli katika mikromita na uzidishe kwa idadi ya pikseli za upana, kisha za kimo. Kihisi cha megapikseli 50 chenye pikseli za mikromita 1.0 kina upana wa kama milimita 8.2 na kimo cha 6.1, yaani milimita za mraba 50. Cha megapikseli 108 chenye pikseli za mikromita 0.64 ni milimita 7.7 kwa 5.8, takriban 44. Hapo simu yako ya pili inashinda pande zote. Lakini vipo pia vihisi vya megapikseli 50 vyenye pikseli za 0.64, na hivyo vina milimita za mraba 20 tu. Ukikuta simu ya pili ina kihisi cha namna hiyo, faida ya OIS inaliwa na udogo wa kihisi, na hapo usiamue kwa karatasi. Zipime zote mbili kwa utaratibu tulioueleza chini.

IPHONE 15 MPYA AU 14 PRO ILIYOTUMIKA?

Swali: Nimepata iPhone 15 mpya na iPhone 14 Pro iliyotumika, bei zinakaribiana. Nimesoma kwamba namba ya f ikiwa ndogo ndiyo bora, na iPhone 15 ina f/1.6 wakati 14 Pro ina f/1.78. Mbona basi watu wanasifu Pro? Napiga picha za watu, na za bidhaa ndogo ninazouza: hereni, pete, saa.

Jibu: Kwa kazi uliyoitaja, 14 Pro, mradi ipite ukaguzi. Tuanze na hiyo f, maana inawapotosha wengi.

Namba ya f inaeleza mwanga unaoangukia kila milimita ya mraba ya kihisi. Haielezi jumla ya mwanga ambao kihisi kizima kinakusanya. Vihisi vyote viwili vina pikseli milioni 48, lakini pikseli ya 14 Pro ina upana wa mikromita 1.22 na ya iPhone 15 mikromita 1.0, kwa hiyo eneo la kihisi cha Pro ni kubwa mara 1.49. Upande wa lenzi, gawanya 1.78 kwa 1.6 kisha uzidishe jibu kwa lenyewe: lenzi ya iPhone 15 inapitisha mwanga mara 1.24 zaidi. Ukigawanya 1.49 kwa 1.24 unapata 1.2. Yaani kamera kuu ya Pro inakusanya mwanga zaidi kwa asilimia 20 hivi. Ni tofauti ndogo, kwani hatua moja ya mwanga kwa lugha ya wapiga picha ni asilimia 100. Chipu nayo ni ileile, A16 Bionic. Anayepiga kwa kamera kuu peke yake hana sababu kubwa ya kuchukua simu iliyotumika, hasa kwa kuwa iPhone 15 inahifadhi picha za megapikseli 24 bila kuombwa, wakati 14 Pro inahifadhi za 12 hadi ubadilishe mipangilio.

Kwako kinachoamua ni kamera za pembeni. Kamera ya pembe pana ya 14 Pro inajirekebisha fokasi na inaweza kukaribia kitu hadi sentimita 2. Pete inajaza kioo, na alama za ndani ya uso wa saa zinasomeka. Ya iPhone 15 ina fokasi isiyosogea, haifanyi kazi hiyo, na itakubidi upige kwa kamera kuu kutoka mbali kisha ukate. Angalizo: kwa sentimita 2 simu yenyewe inaziba mwanga. Rudi hadi sentimita 5 au zaidi, na uweke taa au dirisha upande wa kushoto au kulia wa bidhaa, si nyuma yako.

Kwa picha za watu, 14 Pro ina kamera ya kuvuta mara 3, sawa na milimita 77. Faida yake ni umbali inaokuruhusu kusimama: ukiwa mita moja na nusu au mbili kutoka kwa mtu, pua yake inabaki na ukubwa wake, wakati ukimsogelea kwa kamera kuu hadi uso ujaze picha, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. iPhone 15 inavuta mara 2 kwa kukata sehemu ya katikati ya kihisi, ambayo bado ni megapikseli 12 kamili, na mchana matokeo ni mazuri sana. Hapa pengo ni dogo kuliko watu wanavyosema.

Sasa ukaguzi wa simu iliyotumika. Fungua ukurasa wa taarifa za simu kwenye mipangilio: kuanzia iOS 15.2, iPhone 12 na zilizofuata zinaonyesha kama kamera imewahi kubadilishwa, na kama kifaa kilichowekwa kinatambulika kuwa halisi. Piga ukuta mweupe kwa kila lenzi, uone kama kuna doa linalobaki mahali palepale katika kila picha. Hilo ni vumbi la ndani au mkwaruzo. Piga ukurasa wa maandishi ulionyooka ukutani, kisha kuza kona zote nne. Kona za upande mmoja zikififia na za upande wa pili zikasomeka, huku ukurasa na simu vimenyooka, lenzi imepinda, na mara nyingi simu imeanguka. Mwisho rekodi video kwa kamera ya mara 3. Picha ikitetemeka haraka yenyewe, au ukisikia mlio wa kuvuma kutoka kwenye kamera, OIS imeharibika. Usichanganye na ule mgongano mdogo unaosikika ukiitikisa simu kamera ikiwa imefungwa: huo ni wa kawaida, lenzi haijashikiliwa. Muulize pia mwenyewe kama alikuwa akiifunga kwenye usukani wa pikipiki. Mwaka 2021 Apple yenyewe ilitoa tahadhari kwamba mitetemo mikali ya injini kubwa za pikipiki inaweza kudhoofisha mfumo wa kutuliza picha na wa fokasi.

NIZIPIMEJE NIKIWA DUKANI?

Swali: Simu zote mbili zimewekwa mezani, muuzaji anasubiri. Nifanye nini katika dakika kumi ili nijue ipi ina kamera bora?

Jibu: Futa lenzi zote kwa kitambaa laini. Hatua hii watu wanairuka, na simu za maonyesho zimejaa alama za vidole zinazofanya taa ziwe na ukungu. Zima kung'arisha uso, zima vichujio vya rangi, zima flashi. Hakikisha hakuna simu iliyobaki katika hali ya megapikseli nyingi.

Simama mahali pamoja na upige kitu kilekile kwa simu zote mbili, picha tatu kila simu, kwa sababu picha moja inaweza kuharibiwa na fokasi iliyokosea. Piga mtu aliye mbele ya mlango au dirisha lenye jua: hapo utaona kama uso unabaki na mwanga na nje hakugeuki weupe mtupu. Duka lina mwanga mwingi kuliko nyumba yako, kwa hiyo tafuta giza. Piga kitu chenye nyuzi au maandishi madogo kikiwa chini ya meza au ndani ya rafu. Kisha mwombe mtu atembee kwa kasi ya kawaida na umpige ndani ya duka. Angalia mikono na miguu yake. Bonyeza pia mara tatu haraka haraka uone kama simu inafuata kidole chako au inasitasita.

Ukivuta mara 3, funika kamera ya kuvuta kwa ncha ya kidole. Kama picha kwenye kioo haibadiliki, simu haitumii kamera hiyo. Inakata picha ya kamera kuu. Simu nyingi hufanya hivyo mwanga ukiwa hafifu au kitu kikiwa karibu, na si kosa, lakini ni vizuri ujue unacholipia. Kuhusu matangazo ya kuvuta mara 10 kwa simu isiyo na lenzi ya kuvuta, piga hesabu mwenyewe: unabaki na moja ya mia ya eneo la picha. Kwa picha ya megapikseli 12 hizo ni pikseli 120,000, na nyingine zote zinabuniwa na programu.

Usilinganishe matokeo kwenye vioo vya simu hizo. Kioo chenye rangi kali kinaipamba picha mbaya. Hamishia picha za simu zote mbili kwenye kifaa kimoja, simu yako ya sasa au kompyuta, kama faili kamili. Ukizituma kama picha za kawaida kwa WhatsApp zitapunguzwa na tofauti itafutika; tuma kama dokumenti. Kisha zikuze hadi ukubwa kamili, na ufungue maelezo ya picha usome muda na ISO. Kama simu moja ilitumia sekunde 1/60 na ISO 400 na nyingine 1/15 na ISO 1600 mahali palepale, umeshapata jibu la usiku, yaani ya kwanza, kabla hata ya kutazama picha.

USO WANGU SI WANGU KWENYE SELFI

Swali: Shikamooni wahariri. Ngozi yangu ni nyeusi sana. Simu yangu ya sasa inanifanya mweupe, au inanitia rangi ya kijivu. Nachagua kati ya simu yenye kamera ya mbele ya megapikseli 32 na nyingine ya megapikseli 12. Ipi itanionyesha nilivyo?

Jibu: Marahaba. Megapikseli za mbele hazitakujibu swali hili hata kidogo. Yapo mambo mawili tofauti. Weupe kwa kawaida unatokana na mipangilio ya kurembesha, ambayo kwa simu nyingi huwa imewashwa tangu kiwandani na ina vitelezi kadhaa: kulainisha, kung'arisha, kupunguza uso. Rudisha vyote hadi sifuri, kisha ufunge kamera na uifungue tena uone kama vimebaki sifuri. Zipo simu ambazo bado hulainisha ngozi hata hapo. Simu ya namna hiyo iache dukani, kwa sababu huwezi kurudisha kilichofutwa.

Kijivu ni jambo la pili, nalo linatokana na jinsi programu inavyokadiria mwanga na rangi. Uso mweusi mbele ya ukuta mweupe huifanya simu ipunguze mwanga, halafu programu inaunyanyua uso baadaye na rangi ya joto inapotea. Google ilianza kushughulikia hili waziwazi mwaka 2021 kwa mfumo iliouita Real Tone katika Pixel 6, na kampuni nyingine zimeboresha zao kwa viwango tofauti. Jipime mwenyewe: piga selfi mbele ya ukuta mweupe, nyingine ukiwa na mtu wa ngozi nyeupe kuliko yako, na nyingine chini ya taa ya njano. Shika mkono wako karibu na picha na ulinganishe rangi. Wewe ndiye kipimo, si maoni ya muuzaji.

Kitu kingine cha kuangalia ni fokasi ya kamera ya mbele. Ikiwa haisogei, imepangwa kwa umbali wa mkono, na ukiinyoosha kwa fimbo ya selfi au ukiisogeza karibu, uso unafifia. Kamera ya megapikseli 12 yenye fokasi inayojirekebisha mara nyingi huishinda ya 32 isiyojirekebisha.

VIDEO

Swali: Natengeneza video fupi kila siku. Simu zote mbili zimeandikwa 4K. Nitazame nini kingine?

Jibu: Uliza 4K ya kamera ipi. Simu nyingi za bei ya kati hurekodi 4K kwa kamera kuu tu, na ya mbele na ya pembe pana zinaishia 1080, ubora wa chini kuliko 4K. Uliza pia fremu ngapi kwa sekunde, na kama utulizaji wa picha unafanya kazi katika 4K. Kwa baadhi ya simu unafanya kazi katika 1080 pekee, na utajua kwa kutembea hatua ishirini ukirekodi. Utulizaji wa programu hukata kingo za picha, kwa hiyo usishangae uso wako ukionekana mkubwa zaidi kwenye video kuliko kwenye picha.

Nafasi ni suala kubwa kwa mtu wa kila siku. Dakika moja ya 4K ya fremu 30 inachukua takriban megabaiti 170 hadi 400 kutegemea aina ya faili. Simu ya gigabaiti 128 isiyo na nafasi ya kadi itakusumbua mapema kuliko kamera yake.

Na kama unarekodi chini ya taa za ndani, tafuta simu inayoruhusu fremu 25 au 50 kwa sekunde ikiwa umeme wa kwenu ni wa hezi 50. Taa nyingi za umeme huo humulika na kufifia mara 100 kwa sekunde, na ukirekodi kwa fremu 30 unaweza kupata mistari myeusi inayopanda na kushuka. Palipo na umeme wa hezi 60, fremu 30 na 60 ndizo zinazolingana nao.